Usijibanze Pembeni: Baiskeli, Magari na Adabu ya Kupisha

"Kaa pembeni, mwanangu. Pisha magari." Kama umekulia kwenye nyumba ya Waswahili hapa Uingereza na umewahi kutoka mlangoni ukisukuma baiskeli, sentensi hii unaijua. Mama huisema akiwa jikoni, baba huisema bila kuinua macho kwenye simu, na shangazi aliyekuja kusalimia tu naye huongezea lake. Inasemwa kwa mapenzi. Na nyuma yake kuna barabara nyingine kabisa: ya Tanga, ya Kisumu, ya Bukavu, kule wazee wetu walikojifunza kupanda.

Shida ni kwamba kwenye barabara za huku, nusu ya ushauri huo inaweza kukuumiza.

Wengi wetu tumeingia kwenye baiskeli kwa sababu za kawaida tu. Nauli ya treni imepanda, ofisi iko maili nne, au kazi yenyewe ni ya kupeleka chakula kwa watu. Barabara ni ile ile ya mabasi, malori na watu waliochelewa kazini. Mwaka 2023 wapanda baiskeli 87 walikufa barabarani England, Scotland na Wales, na walioumia vibaya ni maelfu. Kwa hiyo suala la wapi pa kukaa barabarani si dogo, na inafaa tulijadili kwa Kiswahili, kwa sababu ushauri wenyewe tuliupokea kwa Kiswahili.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa. Lakini kwenye hili, la mkuu tulisikilize, kisha tulipime.

Barabara iliyotufundisha kupisha

Fikiria barabara kuu ya lami kati ya miji miwili Afrika Mashariki. Lami iko katikati, na kila upande kuna ukanda wa udongo au changarawe. Mpanda baiskeli amefunga gunia la mkaa nyuma, au madumu ya maji. Basi linakuja kwa kasi, dereva anapiga honi, na maana ya honi ile ni moja: toka. Anatoka. Anashuka kwenye udongo, vumbi linamfunika, basi linapita, anarudi kwenye lami. Hakuna aliyemwandikia sheria hiyo, lakini anaijua vizuri: mkubwa hupita kwanza.

Kwa mazingira yale, ushauri una akili. Basi halitapunguza mwendo, na mpanda baiskeli ana mahali pa kukimbilia.

Halafu kuna adabu. Kiswahili chetu kimejaa kupisha. Unampisha mtu mzima kwenye kiti, unampisha mgeni mlangoni, unasimama kando kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe ili mwenzako mwenye mzigo apite. Tumelelewa hivyo na ni jambo zuri. Ila mtoto aliyelelewa hivyo akipanda baiskeli Tottenham au Leicester, analiona gari kama mtu mzima mwenye haraka. Anajibanza. Tairi lake linatembea shubiri moja tu kutoka kwenye jiwe la ukingo, na moyoni anajiona mstaarabu.

Sasa utazame ukingo wenyewe wa huku. Hakuna udongo wa kukimbilia. Kuna jiwe la ukingo, na ukiligusa kwa tairi unaanguka. Kuna mifuniko ya mitaro, vipande vya chupa, na majani yaliyolowa ambayo mwezi wa kumi yanateleza kama sabuni. Mbele kidogo kuna gari lililoegeshwa, na hapo itabidi uchomoke ghafla kuelekea katikati, wakati dereva wa nyuma hakutegemea kabisa.

Tatizo kubwa zaidi liko kichwani mwa huyo dereva. Akiona nafasi kati yako na mstari wa katikati, anahesabu kwamba atapenya bila kugeuza usukani. Anapenya, na kioo chake cha pembeni kinapita karibu na kiwiko chako. Ungekuwa umekaa mita moja kutoka ukingoni, angelazimika kuamua: asubiri, au ahamie upande wa pili wa barabara ukiwa wazi. Ukijibanza, unakuwa umeshamwamulia kwamba apite sasa hivi, hapa hapa, na wewe ndiye utakayelipa akikosea hesabu.

Kanuni zilibadilika, habari haikufika nyumbani

Tarehe 29 Januari 2022, Highway Code, yaani kitabu cha kanuni za barabara cha hapa, kilifanyiwa mabadiliko makubwa. Wengi waliopata leseni kabla ya hapo hawajakifungua tena, wazee wetu wakiwemo. Mambo manne yanatuhusu moja kwa moja.

La kwanza ni ngazi ya wajibu. Anayeweza kumdhuru mwenzake zaidi ndiye mwenye jukumu kubwa zaidi la kujihadhari. Dereva wa lori yuko juu kabisa, chini yake wa gari dogo, kisha pikipiki, kisha baiskeli, na mwenda kwa miguu yuko mwisho kwa sababu hana chochote cha kumuumiza mtu. Yaani ile sheria ya mkubwa kupita kwanza imepinduliwa. Na tusijisahau: sisi wenye baiskeli tuna wajibu ule ule kwa bibi anayevuka barabara na mfuko wake wa sokoni.

La pili ni mahali pa kukaa. Kitabu kinasema kwenye mitaa tulivu, kwenye foleni inayokwenda polepole, na unapokaribia makutano au sehemu nyembamba, kaa katikati ya njia yako. Kwenye barabara yenye magari ya kasi, acha angalau nusu mita kati yako na ukingo, na zaidi pale ambapo ni salama zaidi kufanya hivyo. Nusu mita ndiyo kiwango cha chini kabisa, kwa hiyo ile shubiri yetu moja haifiki hata huko.

La tatu ni umbali wa kukupita. Dereva anayekwenda hadi maili 30 kwa saa anatakiwa akuachie angalau mita moja na nusu anapokupita, na akiwa na kasi zaidi aongeze nafasi.

La nne: dereva anayekata kona asikukatie njia wewe unayekwenda moja kwa moja. Akusubiri upite.

Hapa tuelewane kitu. Kwenye Highway Code kuna maneno ya "lazima" na maneno ya "inatakiwa". Ya "lazima" ni sheria, na kuyavunja ni kosa. Ya "inatakiwa" hayakufikishi kortini yenyewe kama yalivyo, lakini yanaweza kutumika kuonyesha kwamba dereva alikuwa mzembe. Mita moja na nusu iko kundi la pili. Usiichukulie kama ukuta unaokulinda.

Na kupisha hakujafutwa. Kwenye mtaa tulivu, gari la kasi likija nyuma yako, kitabu hicho hicho kinakwambia usogee kushoto lipite, kama kufanya hivyo ni salama. Tofauti ni nani anachagua wakati. Unasogea pale palipo na nafasi, baada ya kutazama nyuma, kwa hiari yako. Hutupwi pembeni na honi.

Mahali panne pa kuwa macho

*Milango ya magari.* Mtaa wenye magari yaliyoegeshwa kila upande ndio mtaa wa kawaida wa miji ya huku. Mlango mmoja ukifunguliwa ghafla unatosha kukurusha katikati ya barabara, chini ya gari la nyuma. Acha mita moja, yaani upana wa mlango uliofunguliwa wote, kati yako na magari hayo. Usiingie na kutoka kwenye mapengo kati yao kama sindano kwenye kitambaa. Nyoosha mstari wako. Chungulia vichwa ndani ya magari, taa za breki ambazo ndiyo kwanza zimezimika, teksi iliyosimama na abiria anayelipa.

*Kushoto kwa lori.* Hii, kama utasahau mengine yote, usiisahau. Lori refu likitaka kukata kushoto, mara nyingi dereva huanza kwa kulisogeza kulia ili apate nafasi ya kugeuka. Upande wa kushoto panafunguka mwanya, na mpanda baiskeli anaona njia imejitokeza yenyewe. Kisha lori linageuka, na mwanya unajifunga ukiwa ndani. Usipite kushoto kwa lori kwenye makutano au taa, hata kama kuna njia ya baiskeli iliyopakwa rangi inayokuelekeza huko. Rangi haisimamishi tairi. Kaa nyuma. Kama wewe ndiye uliyetangulia kwenye taa, simama mbele kabisa, mahali ambapo dereva anakuona, na geuza kichwa umtazame. Kipimo rahisi: kama huuoni uso wake kwenye kioo chake, naye hakuoni.

London imejaribu kulishughulikia hili. Tangu Machi 2021 malori ya zaidi ya tani 12 yanahitaji kibali kinachotegemea ni kiasi gani dereva anaweza kuona moja kwa moja kupitia madirisha yake, na Oktoba 2024 kiwango kikapandishwa kutoka nyota moja hadi tatu. Yanayopungukiwa yanatakiwa kuwa na kamera na vitambuzi. Ni hatua nzuri, lakini miji mingine mingi haina utaratibu huo, na kamera haina maana kama dereva hakuitazama.

*Kipilefti.* Watanzania wanajua ninachosema. Wengine mnaita raundabauti. Dereva anayeingia anatafuta magari, macho yake yanaruka baiskeli bila yeye kujua. Kwenye kipilefti kidogo, chukua katikati ya njia yako tangu kabla hujaingia, ili asikupite humo ndani na kukukatia akitoka. Onyesha mkono mapema. Kwenye kile kikubwa chenye njia tatu na malori, hakuna aibu kushuka, kusukuma baiskeli hadi kivuko cha watembea kwa miguu na kupanda tena upande wa pili. Mwenda pole hajikwai.

*Barabara za mashambani.* Watu wanaogopa mji, lakini takwimu za serikali za 2015 hadi 2020 zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya vifo vya wapanda baiskeli vilitokea kwenye barabara za vijijini. Sababu ni rahisi kuiona: kona zilizozibwa na vichaka, hakuna taa, na kikomo cha mwendo mara nyingi ni maili 60 kwa saa. Kabla ya kona isiyoona mbele, sogea katikati ya njia yako, uonekane mapema na usipitwe hapo. Ukishatoka kwenye kona na barabara ikanyooka, sogea kushoto uwapishe.

Kwa waliozoea upande wa kulia

Jambo hili vitabu vya Kiingereza havitaligusa, kwa sababu hawatujui. Waswahili hatutoki upande mmoja wa barabara. Ukitokea Kenya, Tanzania au Uganda, umezoea kushoto kama hapa. Lakini Kongo, Rwanda na Burundi wanaendesha kulia, Oman na Emirati kulia, Marekani kulia. Ukivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Tanzania, unabadilisha upande kabisa.

Kwa hiyo binamu aliyekuja kutoka Bujumbura au Muscat, akiazima baiskeli yako, macho yake yanakwenda kushoto kwanza wakati gari linatokea kulia. Hatakosea kwenye barabara yenye foleni, kwa sababu atafuata wengine. Atakosea asubuhi mapema mtaa ukiwa mtupu, au akishatoka dukani na kuanza upya, au akikata kona ya kulia na kujikuta upande usio wake. Mpe sentensi mbili kabla hajapanda: "Kaa kushoto. Tazama kulia kwanza." Kisha mzunguke naye mtaani dakika kumi, wewe ukiwa nyuma yake, umwangalie anavyokata kona.

Kuonekana, na mambo ya nguo

Mwezi Desemba jua la London linatua kabla ya saa kumi jioni. Ukitoka kazini ni usiku. Sheria inataka taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, kiakisi mwanga chekundu nyuma na vya rangi ya chungwa kwenye pedali. Hizi ni "lazima". Taa za kuchaji kwa waya wa simu zinafaa. Weka ya akiba ndogo kwenye begi, kwa sababu chaji huisha siku ya mvua. Vile viakisi vya pedali usivitoe eti havipendezi. Vinapanda na kushuka, na jicho la dereva hutambua mara moja kwamba yule mbele ni mtu anayekanyaga.

Helmeti si lazima kisheria huku, ila kitabu kinashauri uivae, na sisi pia. Iwe imekaa usawa juu ya nyusi, kamba iwe imebana. Mwenye rasta au misuko mikubwa atafute ile yenye gurudumu dogo la kurekebisha kisogoni. Anayevaa hijabu, kitambaa chembamba cha ndani kinachobana kichwa kinakaa vizuri zaidi chini ya helmeti kuliko mtandio mzito wenye pini. Pini zitoke, tafadhali, ukianguka zinachoma. Kisha fanya jaribio hili: geuza kichwa utazame nyuma ya bega la kulia. Kama kitambaa kinaziba jicho, kirekebishe, kwa sababu bega lile utalitazama mara hamsini kwa safari moja.

Abaya, dera na kanzu vinapandika. Kinachotakiwa ni baiskeli ya mtindo unaokaa wima, yenye kifuniko kamili cha mnyororo na kizuizi cha nguo kwenye gurudumu la nyuma. Dera ndilo linalohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ni jepesi na upepo unalipeleka kwenye spoki. Suruali chini na kibanio kimoja cha nguo kwenye pindo vinamaliza kazi. Tumesikia dada wengi wakisema baiskeli si yao kwa sababu ya mavazi. Kinachowazuia ni aina ya baiskeli waliyoonyeshwa dukani.

Na kwa vijana wa kupeleka chakula: baiskeli ya umeme halali hapa ni yenye mota isiyozidi wati 250, inayoacha kusukuma ukifika maili 15.5 kwa saa, na wewe uwe unakanyaga. Ile iliyofungwa mota kubwa kwenye banda la mtu inahesabiwa kama chombo cha moto: leseni, bima, namba. Ukipatikana nayo inachukuliwa. Ukigonga mtu nayo, huna bima, na huo ni mzigo wa miaka.

Ukigongwa, usiseme "Alhamdulillah, niko sawa"

Tunajuana. Mswahili akiulizwa hali hujibu salama hata akiwa na homa ya digrii arubaini. Dereva anakuangusha, anashuka anatetemeka, anauliza kama uko sawa, na mdomo wako unajibu wenyewe: "Niko sawa, usijali." Anaondoka. Asubuhi huwezi kuinua mkono, na huna namba ya gari.

Mshukuru Mungu moyoni, halafu fanya haya. Toka kwenye njia ya magari kama unaweza kusogea. Kama umeumia kichwa, shingo au mgongo, usisogee. Mtu apige 999. Sheria inamtaka dereva asimame na kutoa jina, anwani na namba ya gari. Piga picha: gari, namba, baiskeli ilipolala, barabara, jeraha. Omba simu za waliokuwepo kabla hawajatawanyika. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, hata kama maumivu ni kidogo, ili kuwe na kumbukumbu ya daktari.

Jambo jingine ni neno "sori". Kwetu, pole haimaanishi kukiri kosa. Unampa pole hata aliyejikwaa mwenyewe. Kwa Kiingereza, "sori" yako inaweza kurudi kwenye barua ya kampuni ya bima kama ushahidi kwamba ulikubali kosa. Uliza hali ya mwenzako, toa taarifa zako, na mjadala wa nani alikosea uache kwa baadaye.

Dereva akikimbia, au akiwa hana bima, kuna Motor Insurers' Bureau, chombo kinachoshughulikia fidia za kesi za namna hiyo. Kwa England na Wales, muda wa kudai fidia ya kuumia kwa kawaida ni miaka mitatu. Usikae nao.

Na kama hukugongwa ila ulipitwa karibu mno, video yako ina kazi. Vikosi vingi vya polisi vinapokea video kwa mtandao. Peleka mapema, siku ile ile ikiwezekana, kwa sababu kwa makosa ya kuendesha kizembe polisi wana siku 14 tu za kumtumia mwenye gari onyo la kushtakiwa. Polisi wa West Midlands mwaka 2016 walianza kuwapandisha baiskeli askari waliovaa kiraia; dereva aliyewapita karibu mno alisimamishwa mbele na kuonyeshwa kwa mkeka uliochorwa umbali unaotakiwa. Kumbe wengi wao hawakuwa wakorofi. Hawakuwahi kuonyeshwa.

Mjomba mwenye gari

Hilo linatuleta nyumbani. Kwenye familia zetu dereva si mtu wa mbali. Mjomba anaendesha teksi, baba mdogo yuko kwenye basi, dada ana gari la kupeleka watoto shule. Wao ndio walio nyuma ya baiskeli ya mtoto wa mtu mwingine kila siku.

Wafundishe kitu kimoja: mkono wa mbali. Kabla ya kufungua mlango, dereva atumie mkono wa kushoto, ule ulio mbali na mlango wake. Mwili unageuka wenyewe, macho yanakwenda nyuma ya bega, na baiskeli inayokuja inaonekana. Abiria wa kushoto atumie wa kulia. Waingereza wanaiita mbinu ya Waholanzi, na imo kwenye Highway Code tangu yale mabadiliko ya 2022. Kumgonga mtu kwa mlango ni kosa kisheria. Faini inaweza kufika pauni 1,000. Kwa mjomba wa teksi, mwambie pia awakumbushe abiria wake.

Na ukizungumza naye, usianze na "nyinyi madereva". Anza na heshima anayoijua. Tulifundishwa kumpisha mwenye mzigo, mgonjwa na mtoto, kwa sababu wao ndio wanaoumia tukiwasukuma. Barabarani, aliye juu ya magurudumu mawili bila bati wala mkoba wa hewa ndiye wa kupishwa. Mjomba ataelewa. Ni adabu ile ile aliyotufundisha, ila sasa aliye kwenye usukani ndiye anayetakiwa kuanza.

Kabla ya Jumatatu

Ustadi wako hauwezi kuziba barabara mbaya. Njia iliyotengwa na magari kwa ukuta au nguzo ni salama kuliko ujanja wowote, na halmashauri ikikuuliza maoni kuhusu njia mpya, jibu. Wanaopinga hujibu siku zote. Mpaka ijengwe, haya yako mikononi mwako.

Kagua vitu vitatu kila unapotoka: upepo kwenye matairi, breki zote mbili, mnyororo. Dakika moja inatosha.

Chagua njia yako kwa ramani ya baiskeli na si ya gari. Mitaa ya nyuma inaweza kukuongezea dakika saba na kukuepusha na makutano mabaya matatu. Ipande Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu, ujue taa ziko wapi na mashimo yako wapi, kabla ya kukutana nayo Jumatatu saa mbili asubuhi.

Na tafuta mafunzo. Halmashauri nyingi, hasa za London, hutoa masomo ya baiskeli kwa watu wazima bure au kwa bei ndogo, kuanzia asiyejua kabisa kusimama juu ya magurudumu mawili hadi anayetaka kuzoea barabara kubwa. Mwalimu anakuja, mnapanda pamoja kwenye barabara zako mwenyewe, anakuonyesha wapi pa kukaa. Tafuta jina la halmashauri yako pamoja na maneno ya mafunzo ya baiskeli, jaza fomu, chagua siku. Kama mama naye anataka kujifunza, jaza fomu mbili.